Chiriku Ndani ya Injini: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Mlio Unaokuja na Kutoweka

Gari lililovunjika ekseli halihitaji mpelelezi; kila apitaye njiani huona kilichotokea. Lakini gari linalolia alfajiri kama chiriku, kisha likanyamaza kimya mara lifikapo kwa fundi, ni mtihani wa namna nyingine. Dereva huapa kwamba limelia njia nzima. Fundi hufungua boneti, hutega sikio, asisikie kitu. Aghalabu mambo huishia katika moja ya njia mbili: ama gari hurudishwa barabarani kama lilivyo, ama vipuri huanza kubadilishwa kwa kubahatisha, kimoja baada ya kingine, mpaka fedha ziishe au mlio ukome.

Makala haya yanaeleza kwamba ipo njia ya tatu. Mlio unaokuja na kutoweka haupotezi ushahidi. Kule kuja na kutoweka kwenyewe ndiko ushahidi. Anayejua sauti huzaliwaje, na ni hali gani zinazoiamsha na kuinyamazisha, anaweza kukikaribia chanzo chake kabla hajashika spana.

Katika wilaya za Kibiti na Rufiji jambo hili si la anasa. Mji wa Kibiti uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Kutoka katika barabara hiyo huchepuka njia za kuelekea deltani, kama ile ya Bungu hadi Nyamisati, ambako abiria hupanda vyombo vya kwenda kisiwa cha Mafia. Magari yapitayo njia hizo huchukua wagonjwa, samaki na kamba waliowekwa katika barafu, mpunga na korosho. Gari likikwama kati ya vijiji viwili wakati wa masika, hasara haiwi ya mwenye gari peke yake. Barafu huyeyuka, na mgonjwa hubaki akisubiri. Tena mazingira yenyewe yanachochea mlio: hewa ya delta ni nzito kwa unyevu, upepo wa bahari una chumvi, na udongo unaoletwa na mto ni laini kiasi cha kupenya kila mwanya.

Mkanda na kazi yake

Sehemu kubwa ya milio ya namna hii hutoka mbele ya injini, kwenye mkanda ambao wengi huuita feni belti. Mkanda huo huzungushwa na puli iliyofungwa kwenye mhimili mkuu wa injini, yaani krenki. Nao huzungusha puli nyingine: ya altaneta inayochaji betri, ya pampu inayosukuma maji kati ya injini na rejeta, na katika magari mengi ya usukani mwepesi, ya pampu ya usukani pia. Magari yenye kipoza hewa huongeza puli ya kompresa.

Mkanda ukikatika au ukiteleza mno, altaneta huacha kuchaji na taa nyekundu ya betri huwaka. Jambo baya zaidi ni kwamba, pale ambapo pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huo, maji huacha kuzunguka. Joto la injini hupanda katika dakika chache, na kichwa cha injini huweza kupinda. Ndiyo maana mlio mdogo kutoka katika mkanda hauna budi kusikilizwa.

Mikanda yenyewe imepitia mabadiliko. Mikanda ya kwanza ilikuwa bapa, ya ngozi au ya turubai. Mwaka 1917, John Gates wa Denver, Marekani, alibuni mkanda wa mpira wenye umbo la kabari, unaokaa ndani ya mfereji wa puli. Baadaye ulikuja mkanda mpana na mwembamba wenye mifuo mingi midogo inayokwenda kwa urefu wake. Gari la Ford Mustang la mwaka 1979 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia mkanda mmoja wa aina hiyo kuendesha vifaa vyote. Leo aina zote mbili zinaonekana katika gereji za Kibiti: kabari katika malori na magari ya zamani, mifuo mingi katika magari mapya zaidi.

Kwa nini kabari? Jibu lake limo katika kanuni ambayo kila nahodha wa delta huitumia bila kuiandika. Chombo kinapofunga gatini, baharia hauvuti moja kwa moja mzigo wote wa chombo. Huizungusha kamba mara mbili kwenye nguzo, akashika ncha yake kwa mkono mmoja. Msuguano kati ya kamba na nguzo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mwanahisabati Leonhard Euler, katika karne ya 18, aliliweka jambo hili katika hesabu. Kani ya upande uliokazika ikiitwa K1, na ya upande uliolegea K2, basi kabla kamba haijateleza,

K1 ÷ K2 haiwezi kuzidi e^(mθ)

ambapo e ni 2.718, m ni kizigeu cha msuguano, na θ ni pembe ambayo kamba imezunguka nguzo, ikipimwa kwa radiani. Kizigeu kikiwa 0.3, na kamba ikizungushwa mara mbili kamili, θ ni 12.57, na uwiano huwa kiasi cha 43. Mkono unaoshika kwa kani ya nyutoni 10 unazuia mzigo unaovuta kwa nyutoni 430.

Mkanda wa gari hauwezi kuzungushwa puli mara mbili. Ukiwa bapa na ukaizunguka puli nusu tu, uwiano huo ni 2.6 pekee. Lakini mkanda wa kabari hubana kuta mbili za mfereji, na kizigeu cha msuguano huwa kama kwamba kimegawanywa kwa saini ya nusu ya pembe ya mfereji. Mfereji wenye pembe ya digrii 40 hukipandisha kizigeu cha 0.3 hadi 0.88 hivi, na uwiano kutoka 2.6 hadi karibu 16. Hiyo ndiyo faida ya kabari, na ndiyo pia sababu ya milio mingi: kazi yote ya mkanda hutegemea kuta za mfereji, na chochote kinachozigusa kuta hizo, kama vile maji, tope, mafuta au kutu, hubadilisha hesabu yote.

Msuguano unavyozaa sauti

Mwalimu akiishika chaki vibaya ubaoni, hulia mlio unaowakunja nyuso wanafunzi. Uta wa zeze, lile la Wagogo, ukipita juu ya waya hutoa sauti tamu. Mambo haya mawili ni ndugu, na mlio wa mkanda ni ndugu yao wa tatu.

Vitu viwili vinavyogusana vikiwa vimetulia hushikana kwa nguvu zaidi kuliko vinapoteleza. Kwa maneno mengine, msuguano tuli ni mkubwa kuliko msuguano wa mwendo. Uta unapovutwa, huushika waya na kwenda nao kidogo. Waya hukazika mpaka kani yake ikaushinda msuguano tuli. Hapo huchomoka na kurudi nyuma kwa ghafla. Kasi ya mwachano ikiisha, uta huushika tena. Shika na achia, shika na achia, mara mamia kwa sekunde: sikio husikia sauti moja. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza mwendo huo wa waya wa fidla katika kitabu chake cha mwaka 1863.

Mpira wa mkanda nao hushika ukuta wa puli, hunyumbuka, kisha huachia. Kama kushika na kuachia huko ni kwa mfululizo, hutokea mlio mrefu, ambao katika makala haya utaitwa yowe. Kama kunatokea kwa vipindi vifupi, mathalani kila mara sehemu fulani ya mkanda inapoingia katika puli fulani, hutokea mlio mfupi wenye kurudiarudia: chwi, chwi, chwi. Huo ndio mlio wa chiriku. Tofauti kati ya yowe na chiriku ni muhimu, kwa kuwa sababu zake mara nyingi si moja.

Kwa nini mlio huja na kutoweka

Na ichukuliwe mfano wa gari lenye puli ya krenki ya kipenyo cha sentimita 15, injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, yaani inanguruma bila kwenda. Mkanda utakwenda kwa kasi ya mita 6.3 kwa sekunde.

Alfajiri, mara baada ya kuwasha, betri imetoa umeme mwingi na inataka kurudishiwa. Ikiwa na taa zimewashwa, altaneta huweza kutoa ampea 40 kwa volti 14, yaani wati 560. Kani ambayo mkanda unatakiwa kuipeleka kwenye puli ya altaneta hupatikana kwa kugawanya wati kwa kasi: 560 kwa 6.3, ambayo ni nyutoni 89. Baada ya muda betri hushiba. Altaneta ikitoa ampea 8 tu, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 18. Hasara za ndani ya altaneta huziongeza kani zote mbili, lakini uwiano wake haubadiliki sana: mkanda hufanya kazi kama mara tano zaidi katika dakika za mwanzo.

Sasa mkanda huo uwe umelegea kidogo, upande wake uliolegea ukiwa na kani ya nyutoni 15 tu. Ukiwa mkavu, kwa uwiano wa 15.7 uliopatikana juu, unaweza kupeleka tofauti ya 14.7 × 15, yaani nyutoni 220. Hauna shida. Lakini umande wa delta umeulowesha usiku kucha, na kizigeu cha msuguano kimeshuka kutoka 0.3 hadi 0.2. Uwiano unaporomoka hadi 6.3, na uwezo wa mkanda hadi 5.3 × 15, yaani nyutoni 79. Zinatakiwa 89. Mkanda unateleza na kulia.

Baada ya dakika 10 mkanda umekauka kwa joto la injini, na betri imeshiba. Uwezo umerudi 220, mahitaji yameshuka hadi 18. Mlio umekoma. Gari linapofika kwa fundi saa 4 asubuhi, liko katika hali ambayo haliwezi kulia hata likibembelezwa. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini zinaonyesha kwamba dereva hakusema uongo, wala fundi si kiziwi. Kasoro iko palepale. Hali mbili tu zilizokuwa zikiidhihirisha zimeondoka.

Sababu nyingine za mahali huongezeka juu ya hizo. Puli ya chuma iliyolala katika hewa ya chumvi hufanya utando mwembamba wa kutu, ambao mkanda huusugua na kuuondoa katika dakika za kwanza za safari. Tope laini likikauka ndani ya mifereji hubadilisha mkao wa mkanda mpaka litakapopukutika. Mafuriko ya Aprili 2024 yalisambaza maji na matope katika vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti. Injini iliyopita katika maji kama hayo inastahili kuoshwa puli zake kabla ya kulaumiwa mkanda.

Jaribio la maji

Lipo jaribio rahisi linalotenganisha chiriku na yowe, nalo halihitaji chombo chochote zaidi ya chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kifunikoni. Gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa na injini inanguruma, maji machache hurushwa kutoka mbali kidogo kwenye upande wa ndani wa mkanda, ule unaogusa mifereji. Altaneta na nyaya zisilengwe.

Mlio wa chiriku ukinyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha ukarudi maji yanapokauka, kuna uwezekano mkubwa kwamba puli hazikukaa katika mstari mmoja. Mkanda unaingia katika puli kwa pembe, na ubavu wake unasugua ukuta mmoja wa mfereji kabla haujakaa sawasawa. Maji huulainisha msuguano huo kwa muda mfupi. Katika mkanda wa mifuo mingi, upotofu wa kiasi cha digrii 1 huweza kutosha kuleta mlio. Kwa puli zilizoachana sentimita 30, digrii 1 ni tofauti ya milimita 5 tu. Upotofu huo husababishwa na altaneta iliyofungwa bila washa yake, bolti iliyolegezwa na mashimo ya barabara, au beringi ya pampu iliyochakaa mpaka puli ikainama. Rula ndefu ya chuma ikilazwa kwenye nyuso za puli mbili, injini ikiwa imezimwa, upotofu huonekana kwa macho.

Mlio ukizidi maji yanapoangukia mkanda, au ukageuka yowe, tatizo ni ulegevu. Maji yamepunguza msuguano, kama umande ulivyofanya alfajiri. Hapo huchunguzwa kani ya mkanda, puli ya kukazia pamoja na springi yake, na uchakavu wa mkanda wenyewe. Ni vyema ikumbukwe kwamba mikanda iliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 mara nyingi haionyeshi nyufa kama ile ya zamani. Mpira wake huliwa polepole mpaka mifuo ikagusa sakafu ya mifereji. Kabari ikigusa sakafu, haibani tena kuta, na faida yake yote hupotea ijapokuwa mkanda unaonekana mzima.

Na mlio usipobadilika hata kidogo kwa maji, basi pengine hautoki katika uso wa mkanda.

Kuhesabu mdundo

Mlio wa chiriku una jambo moja ambalo yowe halina: unaweza kuhesabiwa. Kila kitu kinachozunguka katika injini kina mdundo wake, na mdundo huo ni kama saini ya mkono wake.

Katika gari la mfano ule ule, krenki huzunguka mara 13.3 kwa sekunde. Mkanda wenye urefu wa mita 2 hukamilisha mzunguko mara 3 hivi kwa sekunde. Puli ya pampu ya maji yenye kipenyo cha sentimita 12 huzunguka mara 16.7, na puli ndogo ya altaneta, ya sentimita 6, mara 33. Silinda moja hutoa moshi mara 1 kwa kila mizunguko 2 ya krenki, yaani mara 6.7 kwa sekunde.

Basi chiriku anayelia mara 3 kwa sekunde, mara 31 hivi katika sekunde 10, yumo ndani ya mkanda wenyewe: labda mfuo umetoka kipande, au jiwe dogo limenasa. Anayelia mara 6 au 7 anaelekeza kwenye silinda moja, yaani kwenye gasketi ya moshi au kwenye vali. Anayelia mara 13 anaelekeza kwenye puli ya krenki. Puli hiyo katika magari mengi ina pete ya mpira katikati, na mpira huo ukichoka, pete ya nje huyumba. Kinachozunguka mara 33 hakihesabiki tena kwa sikio. Husikika kama mngurumo au mvumo, na beringi ya altaneta iliyokufa hufanya hivyo.

Midundo ya 3 huweza kuhesabiwa kwa kugonga kidole mezani. Ile ya 6 au 13 ni ya haraka mno, lakini simu ya mkononi inayorekodi sauti na kuirudia kwa mwendo wa polepole huifanya ihesabike. Ndiyo maana dereva anayesikia mlio alfajiri hufanya vyema kuurekodi hapo hapo, na kupeleka kwa fundi rekodi hiyo badala ya maelezo ya mdomo peke yake.

Vyanzo visivyokuwa mkanda

Mtu akiwa na hakika kwamba kila chiriku ni mkanda, atakosea mara kadhaa. Gasketi iliyo kati ya injini na bomba la moshi ikipasuka, moshi hupenya kwa mshindo katika mwanya mwembamba na kutoa mlio unaofanana sana na wa ndege. Nao huja na kutoweka: injini ikiwa baridi mwanya uko wazi, ikipata moto chuma hutanuka na kuuziba. Dalili yake ni alama ya masizi meusi kandokando ya kiungo, na mlio kuzidi gari linapopanda kilima au kuvuta mzigo.

Magari yanayovuka maji mara kwa mara yana chanzo kingine, ambacho hakimo katika injini kabisa. Mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, yaani propela, una viungo ambavyo mafundi huviita krosi. Maji yakiosha grisi yake, vijiti vya ndani hukauka na kupata kutu, na gari hulia chwi-chwi linapokwenda taratibu. Kipimo chake ni chepesi: mlio ambao hausikiki kamwe gari likiwa limesimama, hata injini ikiongezwa mwendo, hautafutwi mbele ya injini.

Beringi nazo huchunguzwa kwa mkono. Injini ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa, kila puli huzungushwa polepole. Iliyo nzima huzunguka laini na haichezi upande. Iliyochakaa hukwaruza kama iliyotiwa mchanga. Pia injini huweza kuwashwa kwa muda mfupi bila mkanda, usiozidi nusu dakika kwa kuwa maji hayazunguki. Mlio ukitoweka, chanzo ni mkanda au kimojawapo cha vifaa unavyoviendesha. Ukibaki, kitafutwe mahali pengine.

Dawa zisizoponya

Zipo tiba zinazopendwa kwa sababu hunyamazisha mlio upesi. Ya kwanza ni kupaka mkanda sabuni, grisi au mafuta. Mlio hukoma kwa sababu msuguano umepunguzwa. Lakini msuguano ndio unaoendesha altaneta na pampu. Mgonjwa amezibwa mdomo, hakutibiwa. Zaidi ya hayo, mafuta huuvimbisha na kuulainisha mpira wa mikanda mingi, nao hufa kabla ya wakati wake.

Ya pili ni kuukaza mkanda mpaka ulie kama kamba ya ngoma. Mlio wa ulegevu utakoma kweli, lakini beringi za altaneta na za pampu zitabeba jumla ya kani za pande zote mbili za mkanda. Kwa beringi za gololi, kanuni ya uhandisi ni kwamba uhai wake hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo: mzigo ukizidishwa mara 2, uhai hubaki sehemu 1 ya 8. Anayekaza kupita kiasi ili aokoe mkanda huweza kupoteza pampu, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

Ya tatu ni kubadilisha mkanda tu bila kutafuta sababu. Mkanda mpya kwenye puli zilizopotoka hunyamaza kwa muda, kisha huanza kulia kama ule wa kwanza.

Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na hayo, utaratibu wa busara ni huu. Kwanza, dereva aandike: mlio huja lini, injini ikiwa baridi au moto, kukiwa na mvua au ukavu, taa zikiwa zimewashwa au zimezimwa, gari likiwa limesimama au linakwenda. Pili, mlio uamshwe kwa makusudi kwa kurudisha hali hizo: gari lilale kwa fundi na kuwashwa alfajiri, taa zote ziwashwe. Tatu, mdundo uhesabiwe. Nne, jaribio la maji lifanywe. Tano, injini izimwe, puli zipimwe kwa rula na beringi kwa mkono. Katika kila hatua libadilishwe jambo moja tu, maana aliyebadilisha mambo mawili kwa pamoja hajui ni lipi lililoponya.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mkanda unaokwenda mita 6 kwa sekunde haumpi mtu nafasi ya kuchomoa kidole. Kanga, ushungi, mikono ya kanzu na nywele ndefu zikae mbali na injini inayozunguka, na mkono usiingizwe kabla haijazimwa.

Majaribio ya darasani

Mwalimu asiye na gari anaweza kuwafundisha wanafunzi kanuni zote zilizotajwa.

1. Kipande cha ubao kivutwe juu ya meza kwa kutumia utepe wa mpira. Kikivutwa polepole kitakwenda kwa kurukaruka. Kikivutwa kwa kasi kitateleza bila kusita. Meza ikiloweshwa, je, mrukoruko unazidi au unapungua?

2. Kamba izungushwe nguzo laini nusu mzunguko, kisha mzunguko mzima, kisha mmoja na nusu. Jiwe lile lile lining'inizwe upande mmoja, na mizani ya springi ivute upande wa pili kwa kani ndogo kabisa inayotosha kulizuia lisishuke. Kila nusu mzunguko unaoongezwa unapaswa kuigawanya kani hiyo kwa tarakimu ile ile. Kutokana nayo, wanafunzi wapate kizigeu cha msuguano.

3. Katika vijiji vingi vya bonde la Rufiji kuna mashine ya kukoboa mpunga inayoendeshwa kwa mkanda. Kwa idhini ya mwenye mashine, na wakisimama mbali, wanafunzi wakadirie vipenyo vya puli na urefu wa mkanda, wahesabu ni mara ngapi kwa sekunde maungio ya mkanda yatapita, kisha walinganishe hesabu yao na mdundo wanaousikia.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio la tatu sawasawa amekwisha kufanya kazi ya fundi stadi: amekadiria kabla ya kusikiliza, na sikio lake likaamua kama makadirio yake ni ya kweli. Gari likilia tena katika njia ya Nyamisati, atajua la kuuliza kwanza: chwi-chwi hiyo ni ngapi kwa sekunde, na je, kulikuwa na umande?